Faili Limegoma Kufutika: Tafuta Kwanza Kinacholizuia

Unabonyeza Delete, kidirisha kinatokea, unabofya Try Again mara tatu, na faili bado lipo palepale. Kabla ya kubofya mara ya nne, soma kidirisha hicho kinasema nini. Faili hugoma kufutika kwa sababu nyingi zisizohusiana: limefunguliwa na programu nyingine, si mali ya akaunti yako, jina lake lina kasoro, au diski yenyewe imeharibika. Kila sababu ina dawa yake. Anayeruka moja kwa moja kwenye amri za kulazimisha kwa kawaida hupoteza saa nzima kwa tatizo la dakika moja, na mara nyingine hufuta kitu ambacho hakukikusudia.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na Windows 11.

Namba ya hitilafu inasema mengi

Ukiona namba inayoanza na 0x8007, tarakimu nne za mwisho ndizo namba halisi ya hitilafu, ila imeandikwa kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Chukua 0x80070020. Mwisho wake ni 0020; mbili mara kumi na sita ni 32. Fungua CMD (Command Prompt, dirisha la kuandika amri; litafute kwa jina cmd kwenye menyu ya Start) uandike:

net helpmsg 32

Windows itakujibu kwa maneno kwamba faili linatumiwa na programu nyingine. Kwa namba ndefu zaidi, fungua kikokotoo cha Windows, kiweke kwenye hali ya Programmer, bofya HEX, andika tarakimu hizo, kisha usome mstari wa DEC. Hizi ndizo zinazokutwa sana katika kufuta:

- 0x80070005, yaani 5: huna ruhusa.
- 0x80070020, yaani 32: faili limeshikiliwa na programu.
- 0x80070013, yaani 19: diski au flashi imefungwa isiandikwe.
- 0x80070091, yaani 145: folda bado ina kitu ndani.
- 0x80070570, yaani 1392: faili au folda imeharibika kwenye diski.

Ukishaijua namba, nenda kwenye sehemu inayokuhusu. Hiyo ya 145 ni dalili tu: ndani ya folda kuna faili moja lililogoma, na ndilo la kushughulikia. Fungua folda, washa mafaili yaliyofichwa, ujaribu kufuta moja moja mpaka ulipate.

Faili limeshikiliwa na programu

Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Programu inapofungua faili huiambia Windows kama inakubali wengine walisome, waliandike au walifute wakati bado inalitumia. Programu nyingi hazikubali lifutwe, na Windows inaheshimu hilo. Ndiyo maana hata akaunti ya msimamizi hukataliwa: hapa ruhusa haihusiki.

Mara nyingi kidirisha chenyewe kinaitaja programu. Ifunge, ujaribu tena. Ikiwa umeshaifunga na kidirisha bado kinaitaja, imebaki ikiendelea chini kwa chini. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, itafute kwenye orodha, uichague, kisha ubofye End task. Hakikisha kwanza huna kazi ambayo hujaihifadhi katika programu hiyo, kwa sababu haitakuuliza.

Kuna washikaji watatu ambao watu hawawafikirii.

Wa kwanza ni File Explorer yenyewe. Ukiwa umewasha kidirisha cha kuonyesha yaliyomo upande wa kulia, kubofya video au PDF mara moja tu kunalifungua faili hilo. Bonyeza Alt+P kukizima kidirisha, bofya faili jingine, kisha rudi ufute. Isipotosha, nenda Task Manager, tafuta Windows Explorer, bofya Restart. Upau wa chini utapotea kwa sekunde chache na kurudi. Hilo ni la kawaida.

Wa pili ni dirisha la CMD. Ikiwa umo ndani ya folda fulani katika CMD, folda hiyo haifutiki, hata kama hufanyi chochote humo. Andika cd \ utoke, au funga dirisha.

Wa tatu ni programu ya kuzuia virusi au ya kuhifadhi nakala mtandaoni, inayolichunguza au kulipakia faili wakati huohuo. Kwa faili kubwa lililomaliza kupakuliwa sasa hivi, subiri dakika mbili tatu kabla ya kujaribu lolote lingine.

Kidirisha kisipotaja programu, au kikisema tu "another program", itafute mwenyewe. Windows ina chombo cha kazi hiyo tayari:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika resmon, bonyeza Enter.
2. Nenda kwenye kichupo cha CPU.
3. Katika sehemu ya Associated Handles kuna kisanduku cha kutafutia. Andika jina la faili, au sehemu yake tu.
4. Matokeo yatakuonyesha jina la programu na namba yake ya utambulisho (PID). Bofya kulia juu yake kuifunga.

Ukiona jina kama svchost.exe, csrss.exe au System, usiifunge kwa nguvu. Kuua csrss.exe kunaiangusha Windows papo hapo kwa skrini ya hitilafu. Kwa hizo, washa upya kompyuta.

Ukikutana na tatizo hili kila wiki, sakinisha PowerToys, kifurushi cha bure cha Microsoft. Ndani yake kuna File Locksmith: unabofya kulia juu ya faili au folda, unaichagua, na inaorodhesha kila programu inayoishikilia, pamoja na kitufe cha kuifunga. Kwa folda, inachungulia na yaliyomo ndani.

Na tukisema washa upya, maana yake ni Restart, si Shut down. Kompyuta nyingi zimewashwa Fast Startup, ambayo wakati wa kuzima huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha jinsi kilivyokuwa unapowasha. Ukichagua Restart, mfumo unaanza upya kabisa. Wengi huzima, wakawasha, wakakuta faili bado limegoma, wakaamini kuwa kuwasha upya hakusaidii.

Lipo pia faili la ajabu kidogo: umelifuta, bado linaonekana, na ukiligusa unaambiwa huna ruhusa, hata ukitazama mmiliki wake unakataliwa. Hilo limeshawekewa alama ya kufutwa, ila kuna programu bado imelishika, na litatoweka programu hiyo ikiliachia. Usianze kubadilisha ruhusa. Restart inatosha.

Huna ruhusa

Ujumbe wa "Access is denied", au ule unaokuambia uombe ruhusa kwa mtu fulani, una vyanzo viwili tofauti kabisa, na ni lazima uvitenganishe.

Ukitajiwa TrustedInstaller au SYSTEM, na faili lipo ndani ya C:\Windows, acha. Hilo ni faili la mfumo. Windows imelikabidhi kwa mmiliki huyo makusudi ili hata msimamizi asilifute kwa bahati mbaya.

Chanzo cha pili ni mafaili yako mwenyewe yaliyotoka kwenye kompyuta nyingine, au kwenye Windows iliyokuwepo kabla ya kusakinisha upya. Windows haiwatambui watu kwa majina. Kila akaunti ina namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, na akaunti mbili zenye jina lilelile katika Windows mbili zina namba tofauti. Bofya kulia kwenye faili, chagua Properties, kisha kichupo cha Security. Ukiona namba kama hiyo badala ya jina, basi mmiliki ni akaunti ambayo kompyuta hii haiijui. Hapo ni halali kabisa kuchukua umiliki.

Tafuta cmd kwenye menyu ya Start, bofya kulia, chagua Run as administrator. Kisha andika amri hizi mbili, ukiweka njia ya folda yako, yaani mahali ilipo kwenye diski:

takeown /f "D:\Zamani" /r /d y
icacls "D:\Zamani" /grant "%username%":F /t

Ya kwanza inakufanya mmiliki, ya pili inakupa ruhusa kamili. Ya kwanza peke yake haitoshi. Mmiliki ana haki ya kubadilisha ruhusa, lakini haimaanishi ameshajipa. Herufi y mwishoni ni jibu la "ndiyo" kwa Windows ya Kiingereza. Katika lugha nyingine herufi hiyo hubadilika. Na kama ulipofungua CMD uliandika nenosiri la akaunti nyingine ya msimamizi, %username% itakuwa akaunti hiyo, si yako. Andika jina la akaunti yako badala yake.

Kamwe usiziendeshe amri hizi kwenye C:\ nzima, C:\Windows au Program Files. Hakuna amri moja ya kurudisha ruhusa za maelfu ya mafaili jinsi zilivyokuwa, na mwisho wa mkasa huo mara nyingi ni kusakinisha Windows upya.

Jambo moja ambalo miongozo mingi huliruka: haki ya kufuta inaweza kutoka kwenye faili lenyewe au kwenye folda lililomo. Ukiwa na ruhusa ya kufuta vilivyomo kwenye folda mama, utalifuta faili hata kama lenyewe halikupi haki hiyo. Kwa hiyo ukikwama kwenye faili moja, angalia na folda iliyo juu yake.

Kuhusu Read-only, usipoteze muda na kile kisanduku kwenye Properties za folda. Karibu kila folda huonyesha kisanduku hicho kimejazwa nusu, na hakiizuii kufutwa. Sifa hiyo ina maana kwa mafaili tu, tena zaidi ukitumia CMD, ambako amri ya del hukataa faili la kusomwa tu. Iondoe hivi:

attrib -r -s -h "D:\Zamani\barua.doc"

Kama ruhusa ziko sawa na bado unakataliwa ndani ya Documents au Pictures, fungua Windows Security na utazame sehemu ya ulinzi dhidi ya programu za utekaji (Ransomware protection). Controlled folder access ikiwa imewashwa, inazizuia programu isizoziamini kubadilisha au kufuta kitu kwenye folda hizo. Ruhusu programu husika tu, usizime ulinzi wote.

Jina refu mno au lenye kasoro

Windows kwa asili ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili: herufi ya diski, folda zote, jina, na alama moja ya mwisho isiyoonekana. Swali la haki ni hili: faili liliingiaje kama njia ni ndefu mno? Mara nyingi liliingia njia ikiwa fupi, kisha mtu akairefusha folda ya juu kwa kubadilisha jina, au akaihamishia ndani ya folda nyingine tatu. Programu za kufungua zip nazo zina uwezo wa kuandika njia ndefu kuliko File Explorer inavyomudu.

Dawa rahisi ni kufupisha kuanzia juu. Badilisha jina la folda ya kwanza liwe a, ya pili b, ya tatu c. Kila badiliko linaifupisha njia ya kila kilichomo chini yake, na baada ya mawili matatu Delete itafanya kazi.

Zikiwa folda nyingi zilizopachikana, tumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili. Inamudu njia ndefu, na ukiiambia ilinganishe folda iliyojaa na folda tupu, itaimaliza ile iliyojaa:

md C:\tupu
robocopy C:\tupu "D:\Mradi wa Zamani" /mir
rd "D:\Mradi wa Zamani"
rd C:\tupu

Folda ya pili katika mstari wa robocopy ndiyo inayofutwa yaliyomo. Isome mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, maana hakuna swali la kuthibitisha na hakuna Recycle Bin.

Kasoro nyingine ni jina linaloishia kwa nukta au nafasi. Folda inayoitwa "Ripoti " yenye nafasi mwishoni inaonekana vizuri, lakini ukiifuta unaambiwa haipo. Windows inapopokea jina huikata nafasi ya mwisho, kisha inakwenda kutafuta "Ripoti", na kweli haipo. Majina haya huja kutoka Mac, Linux au vifaa vya kuhifadhi vya mtandao, ambako yanakubalika. Hali kadhalika majina yaliyotengwa tangu enzi za DOS, mfumo wa zamani wa Microsoft kabla ya Windows: con, prn, aux, nul, com1 hadi com9, na lpt1 hadi lpt9.

Kwa yote hayo, weka \\?\ mbele ya njia. Alama hiyo inaiambia Windows ilichukue jina jinsi lilivyo bila kulirekebisha:

rd /s "\\?\D:\Kazi\Ripoti "
del "\\?\D:\Kazi\aux"

Nafasi iliyo kabla ya alama ya mwisho ya nukuu katika mstari wa kwanza ndiyo kiini cha amri. Ukiisahau, utarudi palepale.

Na kuhusu alama za nukuu kwa jumla, tazama kosa hili:

rd /s /q D:\Picha Zamani

Aliyeandika alitaka kufuta folda ya "Picha Zamani". Windows imeona folda mbili: D:\Picha, na nyingine inayoitwa Zamani mahali ulipo. Kwa kuwa kuna /q, haitauliza. Kama D:\Picha ipo, imekwenda na kila kilichomo. Ukiandika amri ya kufuta, weka nukuu hata pale ambapo jina halina nafasi, na usiweke /q mpaka uwe na uhakika.

Flashi na kadi za memori

Ujumbe wa "write protected" kwenye kadi ya SD, anza na kidole: upande wa kadi au wa adapta yake kuna kiswichi kidogo. Kisukume kuelekea kwenye vipande vya chuma vya rangi ya dhahabu, yaani mbali na neno Lock. Katika adapta zilizochakaa kiswichi hulegea na kuteleza chenyewe wakati wa kuchomeka.

Kama hakuna kiswichi, fungua CMD ya msimamizi, andika diskpart, kisha:

list disk
select disk 2
attributes disk

Itambue flashi kwa ukubwa wake. Namba 2 hapa ni mfano tu. Ukiona Read-only ni Yes, andika attributes disk clear readonly, na tatizo huenda limekwisha. Lakini ukiona Read-only ni No huku Current Read-only State ni Yes, kizuizi kiko kwenye kifaa chenyewe. Flashi nyingi zikichoka hujifunga zisiandikwe tena ili data iliyomo iendelee kusomeka. Hakuna amri wala programu ya kuifungua. Nakili ulicho nacho uiweke kando. Na ukiwa ndani ya diskpart usiandike clean, ambayo hufuta mpangilio wote wa diski uliyoichagua.

Kumbuka pia kwamba ukifuta kitu kwenye flashi, kwa kawaida hakipiti Recycle Bin.

Diski iliyoharibika na Recycle Bin iliyovurugika

Kwa 0x80070570, nakili kwanza mafaili unayoyahitaji, kisha:

chkdsk E: /f

Kwa diski ya C itakuomba kupanga kazi hiyo kwa wakati wa kuwasha. Jibu Y, kisha Restart. Baadaye unaweza kukuta folda iliyofichwa ya FOUND.000 yenye vipande vya mafaili. Ukishahakikisha huvihitaji, ifute. Diski inayotoa mlio wa kugonga-gonga usiiendeshee chkdsk kabla ya kunakili, kwa sababu usomaji wote huo unaweza kuimaliza.

Ukiambiwa Recycle Bin ya C imeharibika, amri hii kwenye CMD ya msimamizi inaifuta, na Windows huitengeneza upya yenyewe:

rd /s /q "C:\$Recycle.Bin"

Inaondoa takataka za watumiaji wote kwenye diski hiyo, kwa hiyo waulize wenzako mnaotumia kompyuta moja.

Folda za OneDrive zikileta 0x8007016A, maana yake programu ya OneDrive haijawashwa. Iwashe, uingie kwenye akaunti, kisha ufute. Ila ukifuta hapo, faili linafutika na mtandaoni na kwenye vifaa vyako vingine vyote.

Mafaili makubwa yasiyofutwa kwa mkono

hiberfil.sys huchukua gigabaiti kadhaa na hukataa kila kitu. Kwenye CMD ya msimamizi andika powercfg /h off, litatoweka lenyewe. Utapoteza hali ya Hibernate na Fast Startup. pagefile.sys liache. Windows.old, folda ya Windows ya awali, ifute kupitia Settings, System, Storage, Temporary files. Kwa kawaida Windows huiondoa yenyewe siku 10 baada ya kupandisha toleo.

Vyote vikishindikana

Shikilia Shift huku ukibofya Restart. Kwenye skrini ya bluu chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 kuingia Safe Mode. Humo programu nyingi za pembeni haziwashwi, na faili lililoshikiliwa nazo litafutika kwa Delete ya kawaida. Faili likirudi tena baada ya kufutwa, kuna programu inayoliunda upya, na huenda ni hasidi. Endesha uchunguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender kabla ya kuendelea.

Hatua ya mwisho ni Command Prompt iliyo kwenye Advanced options hizohizo, ambako Windows yako haijawaka kabisa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoficha data ya diski, utaombwa ufunguo wa kurejesha, basi uwe nao mkononi kabla hujaanza. Na herufi za diski hapo hubadilika: ile uliyoizoea kama C inaweza kuitwa D. Andika diskpart, kisha list volume, uangalie ukubwa na majina, utoke kwa exit, na uendeshe dir kwenye folda yenyewe uone mafaili unayoyajua kabla ya kuandika del.